Hesabu ya Viota vya Mwaka wa 1983

Maktaba ya Chuo,
Bungoma.
7 Machi 1994

Kwa Baba,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi na watoto hatujambo, isipokuwa mdogo alishikwa na kikohozi ambacho sasa kinapoa. Binamu Wanjala alipita huko Tuwan wakati wa Krismasi akaniambia goti lako linakusumbua, na kwamba siku hizi unakula mara moja kwa siku ukisema huwezi kuwashia mtu mmoja jiko mara tatu. Pole, Baba. Najua sijaandika tangu mwaka juzi.

Nina habari ya kukufurahisha. Wiki mbili zilizopita lori lilituletea masanduku kumi na manne ya majarida ya zamani, msaada kutoka ng'ambo. Mkuu wa chuo akasema, "Nakhungu, panga hayo, tuone kama yana faida." Kumbe mle ndani kuna jarida la watu wanaochunguza ndege! Na katika toleo moja la 1985 nimekuta makala ya Daktari Holm wenu wa ule mradi juu ya korongo wenye taji wa kinamasi chenu. Mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, ameandika: "Shukrani kwa J. Wabwile, aliyehesabu viota."

Si hayo tu. Yako pia mavitabu makubwa ambayo kazi yake ni kuonyesha nani amemtaja nani. Unatafuta jina la mwandishi, na chini yake unaona wote walioandika baadaye wakiegemea kazi yake. Nimepekua mwaka baada ya mwaka mpaka macho yakauma. Makala hiyo imetajwa mara arobaini na moja, Baba! Uholanzi, Afrika Kusini, hata Japani.

Kitu kingine nilichoona ni kwamba matoleo ya kale yamejaa watu kama wewe, wa kuingia kwenye matope na kuhesabu. Ukija miaka ya juzi ni kompyuta na damu ya ndege katika vichupa. Anayehesabu hakuna, wote wanamnukuu aliyehesabu zamani. Na huyo ni wewe.

Nijibu ukipata nafasi.

Binti yako,
Nakhungu


Tuwan, Kitale.
20 Machi 1994

Binti yangu Nakhungu,

Barua yako nimeipata, na nimeisoma mara nyingi. Mimi sijambo, goti ni la uzee tu. Mpe huyo mdogo asali na ndimu.

Tangu mradi ufungwe mwaka wa 1989 hakuna mtu ameniuliza habari ya korongo. Bado naenda kila Jumamosi na lile daftari. Nikirudi sina wa kumwambia niliona nini, basi naweka daftari juu ya kabati na kuwasha redio. Kwa hiyo usidhani sikufurahi.

Lakini nataka uniangalizie jambo. Hao arobaini na mmoja wanataja nini hasa? Tulihesabu miaka kumi na mmoja. Je, wanataja miaka yote, au kuna mwaka mmoja wanaoupenda? Angalia kwa makini, halafu uniambie. Na tafadhali, hayo majarida usimwonyeshe mtu kwanza.

Wasalimie watoto. Sijui kama wananijua.

Baba yako,
Jairus Wabwile


Bungoma.
16 Aprili 1994

Baba,

Natumaini u mzima. Sisi wazima.

Nimeangalia ulivyotaka. Wanautaja mwaka wa 1983. Karibu wote. Holm anasema mwaka huo nusu ya matete yalikatwa, na bado viota vilikuwa thelathini na vitatu, viwili zaidi ya mwaka uliotangulia. Kwa hiyo wanaandika kwamba matete yanaweza kukatwa na korongo wasidhurike. Hiyo ndiyo iliyofika Japani.

Kuna jedwali lenye tarehe za msimu huo, kila asubuhi uliyoingia kinamasini. Nimelisoma lote. Jumatano, 21 Septemba 1983: J. Wabwile, saa kumi na mbili asubuhi, viota vinne vipya.

Baba, Mama alikufa asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1983.

Nilikuwa kidato cha pili. Nilitolewa darasani na kuletwa nyumbani, nikakuta jeneza limeshafungwa. Siku ya mazishi nilikuuliza mbele ya watu, "Baba, Mama akifa ulikuwa wapi?" Daktari Holm alikuwa amesimama kando yako, ametoka kwenye ndege jana yake. Ulisema, "Nilikuwa kazini." Maneno mawili tu. Hatujawahi kulizungumza tena. Nikamaliza shule, nikaolewa huku, na ukiniuliza kwa nini siji Kitale, ni kwa sababu ya hayo maneno mawili.

Nilijaribu kujiambia labda ni majonzi yalikufanya ujibu vile. Sasa nimeona kwenye chapa. Mama anakata roho, wewe unahesabu mayai ya ndege.

Kwa nini umeniagiza nitafute kitu hiki kwa mkono wangu mwenyewe?

Nakhungu


Bungoma.
2 Julai 1994

Baba,

Salamu. Naona kimya. Kama barua yangu ya Aprili haikufika, nitaiandika upya. Kama ilifika, basi.

Nakhungu


Tuwan, Kitale.
9 Oktoba 1994

Binti yangu,

Nakusalimu, na ninakuomba usome barua hii mpaka mwisho. Barua zako zote mbili zilifika. Nimeanza kujibu mara sita na mara sita nimetia karatasi jikoni.

Tarehe 21 Septemba sikuwa kinamasini. Sikuwa huko tarehe 20 wala 19. Tangu tarehe 5 mwezi ule sikukanyaga kinamasi. Nilikuwa hospitali na mama yako, siku kumi na saba. Nililala chini ya kitanda chake kwenye mkeka, mpaka nesi akachoka kunifukuza akanipa blanketi.

Zile hesabu nilizibuni.

Daktari Holm alikuwa kwao Ulaya. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Jairus, msimu huu tukiwa na pengo, watafunga mradi." Barua ya kumfikia ilichukua mwezi. Nilifikiri mama yako atapona, nitarudi, nitafidia. Hakupona. Usiku wa matanga nikachukua daftari la mwaka wa 1982, nikajaza la 1983 kama lilivyo, nikaongeza kidogo hapa na kupunguza pale ili lifanane na kweli. Asubuhi Holm alikuwa amesimama kando yangu pale kaburini, amelishika kwapani. Halafu ukaja wewe na swali lako. Ningesema nilikuwa hospitali, angesikia. Nikasema nilikuwa kazini.

Niliona nitakueleza baadaye, tukiwa wawili. Ukarudi shule. Ukirudi likizo hukuniangalia usoni, na mimi nikaogopa. Mwaka ukawa miaka. Unajua jinsi jambo lisilosemwa linavyokuwa gumu.

Nilidhani ni namba tu, zimelala kwenye kabati la mzungu. Mwaka 1991 ikaja kamati hapa na karatasi, ati utafiti umethibitisha matete yakikatwa ndege hawaumii, watu wapande mahindi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya umati. Sikuinua mkono. Wakakata. Msimu huu nimehesabu viota vitano. Hivyo ni vya kweli.

Ndiyo maana nilikuuliza wanautaja mwaka gani. Nilijua, lakini nilitaka kusikia nimekosea.

Nisamehe ukiweza.

Baba yako


Bungoma.
17 Oktoba 1994

Baba,

Nimesoma mpaka mwisho. Nilifunga maktaba saa nane mchana, nikawaambia wanafunzi tunahesabu vitabu, nikaketi sakafuni kati ya rafu.

Miaka kumi na mmoja nimekuchukia kwa sababu ya mahali ambapo hukuwepo. Nina furaha ulikuwa naye, na nina hasira kwamba ulinifanya nimlilie peke yangu, na wewe peke yako, kila mtu na nyumba yake.

Holm yu hai. Anwani yake iko kwenye jarida. Kukaa kimya tena ni juu yako, mimi sitamwambia mtu. Lakini ukitaka kumwandikia, niletee maneno yako kwa Kiswahili, nitayageuza na kuyapiga chapa hapa ofisini.

Nakhungu


Tuwan, Kitale.
26 Februari 1995

Binti yangu,

Habari za huko? Mvua huku bado. Asante kwa ile chapa ya barua kwa Holm. Uliandika vizuri kuliko nilivyosema, lakini hukuniondolea kosa, na hivyo ndivyo nilivyotaka.

Holm amejibu. Anasema lazima jarida litangaze kwamba mwaka wa 1983 ufutwe, na jina langu litajwe kuwa ndimi niliyebuni. Ni haki. Chini kabisa ameongeza mstari mmoja kwa mkono: "Jairus, ningekupa ruhusa."

Huo mstari umenishinda, Nakhungu. Ningeomba tu.

Juzi alikuja msichana wa chuo kikuu, jina lake Cheptoo. Holm alikuwa amemwandikia. Alisimama mlangoni na buti za mpira.

"Wewe ndiye Mzee Wabwile?"

"Ndimi."

"Wa 1983?"

"Wa 1983."

Akaketi. Nikamwekea chai. Akaniambia amekaa miaka miwili akipima kina cha maji na urefu wa matete, akitafuta kwa nini korongo hawakupungua mwaka ule. "Nilikuwa natafuta sababu ya kitu ambacho hakikutokea," akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Akaomba madaftari ya miaka mingine. Akayafungua moja moja mpaka jioni, mimi nimekaa tu kama mtu anayengoja daktari. Mwisho akauliza, "Na hesabu hizi nyingine ni kweli?"

Nikamwambia, "Ni kweli. Lakini mtu aliyedanganya mara moja hawezi kujitolea ushahidi."

Akaondoka nayo kwenye mfuko wa sisali. Chai aliiacha ilivyo. Sasa juu ya kabati hakuna kitu, na Jumamosi iliyopita sikwenda popote.

Baba yako


Bungoma.
19 Agosti 1996

Baba mpendwa,

Salamu za upendo kutoka kwetu sote. Mdogo ameanza darasa la kwanza. Anaandika jina lako kwa herufi kubwa, anakosea W, anaigeuza M.

Cheptoo alipita hapa maktabani jana, akitoka Tongaren ambako anahesabu korongo kwenye mashamba. Ameniomba nikuambie alifuta 1983, akabakiza miaka yako kumi. Alizunguka kinamasi chote na madaftari yako mkononi, kiota kwa kiota, na akasema mahali ulipoandika mti umeanguka, mti umeanguka. Madaftari atayarudisha mwenyewe. Nilimuuliza kama amekusamehe. Akasema, "Dada, miaka miwili ni mingi." Akanywa soda, akaondoka.

Ameniachia nakala ya tangazo lenyewe. Ni aya moja. Jina lako limeandikwa kamili, Jairus Wabwile wa Kitale, mara ya kwanza bila kufupishwa. Sitakutumia. Ukilitaka utakuja kulisoma hapa, nikiwa karibu.

Amenionyesha pia orodha mpya. Tangu tangazo litoke, makala ya Holm imetajwa tena mara tisa, kwa ajili ya mwaka uleule. Tangazo limetajwa mara mbili, na moja ni Cheptoo mwenyewe. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii yako imefika Japani na bado inatembea. Nimeamua kuwaandikia hao tisa mmoja mmoja. Barua nne nimeshatuma. Aliyejibu ni mmoja.

Sasa nina ombi. Umeandika asubuhi kumi na saba zisizokuwepo, na dunia nzima imezisoma. Zile zilizokuwepo sijazisoma hata moja. Sijui Mama alisema nini, alikula nini, kama alinitaja. Niandikie hizo. Usibuni. Usipokumbuka, andika hukumbuki.

Binti yako,
Nakhungu


Tuwan, Kitale.
8 Septemba 1996

Nakhungu binti yangu,

Mimi mzima. Nimekaa mezani tangu ibada ilipokwisha.

Tarehe 5, Jumatatu. Tuliingia hospitali saa tano. Alitembea mwenyewe kutoka getini, akakataa mkono wangu.

Tarehe 6. Alikunywa uji nusu kikombe. Akasema hauna chumvi.

Tarehe 7 na 8. Sikumbuki.

Tarehe 9. Mwanamke wa kitanda cha pili alijifungua. Mama yako aliomba kushika mtoto. Akamnusa kichwani kwa muda mrefu.

Tarehe 10. Alinifukuza. "Nenda kwa korongo zako, watakufuta kazi." Nikasema kesho. Akasema, "Kila siku kesho." Lakini alicheka.

Tarehe 11, Jumapili. Kwaya ilikuja. Aliimba sauti ya pili akiwa amelala.

Tarehe 12 mpaka 14. Homa. Aliniita kwa jina la kaka yake.

Tarehe 15. Alikuwa na nafuu. Nikasema nikutumie habari shuleni uje. Akakataa. "Ana mtihani. Akija ataniona hivi, na hivi ndivyo atakavyonikumbuka." Tukabishana. Nikamtii. Kwa hilo pia mimi ndiye niliyekukosea, si yeye.

Tarehe 16. Aliuliza kama ulirudi shule na sweta. Nikasema ndiyo. Sikuwa na hakika. Ulikuwa nayo?

Tarehe 17. Hakula.

Tarehe 18. Alisema, "Nakhungu ana hasira kama yako, anaificha mpaka inaoza. Msikae kimya nyinyi wawili." Nilisema sawa.

Tarehe 19. Sikumbuki, ila mvua.

Tarehe 20. Hakusema. Nilimpaka mafuta miguuni, nyayo zilikuwa zimepasuka kwa shamba.

Tarehe 21, Jumatano. Saa kumi na moja na dakika ishirini asubuhi. Nilikuwa nimeshika mkono wake wa kushoto. Alivuta pumzi, nikangoja nyingine. Nilingoja mpaka nesi akafungua pazia.

Baba yako,
Jairus Wabwile