Watu wa Korongoni

6 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti tu linanisumbua asubuhi, likipata joto linaniachia. Wewe je, na kazi hiyo ya kunyoosha mashuka ya hoteli, mvuke haujakuharibu kifua? Simu nimeizima kama kawaida, usihangaike kupiga. Sipendi mambo ya kusikilizwa.

Nakuandikia kwa sababu kuna watu wameingia korongoni, hapa nyuma ya nyumba. Wanakuja kila Jumamosi na majembe na viatu vya mpira. Wanazoa taka, wanapanga mawe, wanapanda majani. Nilimuuliza jirani yetu mshona nguo nani anawalipa, akasema hakuna, wanajitolea. Nilicheka hadi nikakohoa. Mimi fundi wa makufuli, riziki yangu yote imetoka kwa watu wasioaminiana. Mtu hashiki jembe juani hivi hivi.

Sasa sikia. Wamepigilia vigingi vyenye vitambaa vyekundu. Kimoja kimegusa uzio wetu, na mstari wake unaendelea upande wa pili, kwa mshona nguo. Chora mwenyewe kichwani: unapita katikati ya bamia za marehemu mama yako. Leo kigingi, kesho mtu wa ardhi na karatasi zake. Nimeking'oa nikakitia jikoni, kimenichemshia maji ya kuoga.

Baba yako

19 Agosti

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kusikia u mzima. Mimi sijambo, mvuke tumeshauzoea, tunafungua dirisha tukiona msimamizi ametoka.

Umenichekesha na kigingi chako cha kuogea. Lakini baba, mvua zilizopita korongo lilikula bafu la mshona nguo, na mwaka huu litataka ukuta wako wa nyuma. Hao watu wakija kuomba kuingia, wafungulie. Hawana shida na mtu.

Binti yako

10 Septemba

Mwanangu,

Barua imefika, bahasha haijaguswa, nimeichunguza. Goti limetulia. Kifua chako hukukitaja, kitaje.

Umeandika kwamba hao watu hawana shida na mtu. Umejuaje, nawe uko huko kwenye mashuka?

Nimeamua kuwachunguza kwa macho yangu. Jumamosi ya kwanza nilisimama ukingoni, mikono nyuma. Ikawa aibu, kila mtu ameinama, mimi nimesimama kama nguzo ya umeme. Jumamosi iliyofuata nikachukua jembe, ili nisishtukiwe. Sasa siwezi kukosa, maana siku nisipokuwepo ndiyo watakayofanya wanalotaka kulifanya.

Kiongozi wao ni mwashi, wanamwita Timazi. Ana mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejaa maji. Mmoja anashika ncha ya huku, mwingine ya kule, maji yakilingana wanapigilia kigingi. Anadai vigingi vinafuata usawa wa maji, mipaka ya watu havina habari nayo. Nimemuuliza tena na tena, kwa maneno tofauti, nimtege. Anajibu lile lile. Yuko na dereva wa gari la taka, ambaye wiki nzima anazoa taka kwa mshahara na Jumamosi anazoa bure. Huyo ndiye simwelewi kabisa. Tumetoa magodoro, matairi, friji nzima. Mawe tunayapanga kukata njia ya maji, toka juu mpaka uzio wetu na tena toka kwa mshona nguo kwenda chini, na juu yake tunapanda majani ya mizizi mirefu yashike udongo. Kazi ni nzuri, sikatai. Ndiyo inayonitia wasiwasi.

Na kuna jambo. Mama mmoja anatuchemshia chai. Sukari anaitia humo humo birikani, ya wote. Yangu aliileta kwenye kikombe peke yake, haina hata chembe. Hakuna aliyeniuliza. Nani kamwambia kwamba daktari alinikataza?

Baba yako

1 Oktoba

Baba yangu,

Shikamoo. Kifua kizima, nimekitaja. Huku joto limezidi, na kazi pia.

Kuhusu chai, labda mama wa watu amezoea wazee. Wa umri wako wengi hawatumii sukari. Usiifanye kesi.

La muhimu ni mvua. Kwa ulivyonieleza, mawe yamepangwa toka juu mpaka uzio wetu, kisha toka kwa mshona nguo kwenda chini. Katikati ni bamia. Maji yatapita wapi, baba? Yatapita hapo hapo penye pengo, na nyuma ya pengo ni chumba chako cha kulala. Mfungulie Timazi geti kabla hayajaanza kunyesha. Nakuomba.

Binti yako

15 Oktoba

Binti yangu,

Salamu. Mimi mzima. Kwa hiyo wa umri wangu hawatumii sukari. Sawa.

Jana walifanya sherehe ya waliojitolea, kwenye uwanja wa zahanati. Viti vya plastiki, kipaza sauti kinakoroma. Nilikwenda nione ni nani atajitokeza kudai ardhi. Timazi akawashukuru wote, mmoja mmoja, hadi wapika chai. Halafu akasema kuna mtu mmoja ambaye tangu ajiunge hajakosa Jumamosi, anafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Akaita, Mzee Kufuli. Watu wakasimama kupiga makofi. Mwanangu, nilikuwa nafika wa kwanza ili nione wanaanzaje, na wa mwisho ili nione wanaondoka na nini.

Wakanipa viatu vya mpira, vipya. Nikajaribu pale pale. Namba yangu kamili, hata kile kidole changu kilichopinda kikakaa. Nikaenda moja kwa moja kwa yule mama wa chai, nikamuuliza nani kampa habari zangu. Akasema, "Binti yako. Tulisoma naye darasa moja."

Kumbe ni wewe. Ulipokuja mara ya mwisho ulitaka tuuze hapa nihamie kwako, nikakataa, ukanyamaza. Nilijua kunyamaza kule kuna kitu. Kiwanja kinacholiwa na korongo hakiuziki, sivyo? Lazima kiokolewe kwanza. Nilikuwa nimekwisha kusudia kuwafungulia Jumamosi hii. Sasa geti nimelitia kufuli, lile nililolitengeneza mwenyewe. Niambie ukweli: umewatuma waokoe nyumba ya nani?

Baba yako

27 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia.

Nitakueleza, usiposadiki sina la kufanya. Unakumbuka ulivyoanguka karakanani mwaka jana? Ulilala sakafuni toka asubuhi mpaka msoma mita alipopita. Ulinisimulia kama kichekesho. Tangu siku ile, kila shuka ninalolinyoosha naiona ile sakafu. Na simu unazima. Nikamwandikia mama wa chai, nikamwomba kitu kimoja tu, kwamba Jumamosi wakiwa korongoni mtu akutazame, na usipoonekana akugongee mlango. Mambo ya sukari na namba ya kiatu aliniuliza, nikamjibu. Basi.

Korongo si langu. Walikuwa wameshalianza nilipomwandikia huyo mama, tena walianzia juu kabisa, kwa watu nisiowajua mimi wala wewe. Wangefika kwako hata kama usingekuwa na mtoto. Nishuku mimi, lakini wao usiwavunjie heshima.

Na hiyo nyumba, sitaki hata tofali. Ukipenda iache ianguke. Mradi usiwe ndani yake.

Nimekasirika na nimelia, na kesho nina zamu ya asubuhi.

Binti yako

12 Novemba

Baba yangu,

Shikamoo. Sijapata jibu. Redio inasema mvua zimeanza huko, na ni kubwa. Simu yako imezimwa, ya mama wa chai haipatikani, wanasema nguzo zimeanguka. Nimeomba ruhusa, wamenikatalia mpaka mwisho wa mwezi ujao.

Kama umekasirika, endelea kukasirika. Lakini andika, hata neno moja.

Binti yako

3 Desemba

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na ile ya kabla yake pia marahaba. Mimi mzima. Barabara ilikatika, ndiyo maana ya kimya hiki.

Barua yako ndefu nilipoisoma sikuiamini. Nikajifungia ndani. Jumamosi nikawachungulia kwenye upenyo wa dirisha. Walikuwa wamepanga mawe mpaka kwenye uzio. Uzio wetu unaujua, miti na waya, mbuzi anaupita. Wingu lilikuwa limeshatanda na pengo kila mtu alikuwa analiona. Yule dereva akaushika waya aushushe. Timazi akamwambia, "Acha. Mwenyewe hajasema." Wakakaa chini. Mama wa chai akazunguka mbele, akagonga, akauliza kama ni mzima. Nikasema mzima. Akarudi zake, la geti hakulitaja.

Mwanangu, mlango ukiwa umefungwa kweli kweli, mwizi na mwungwana wote wanasimama nje, huwezi kuwatofautisha. Mtu ninamjua kwenye mlango ambao angeweza kuusukuma. Nikavaa viatu vile vipya nikaenda kufungua.

Bamia nilizing'oa mimi, sikutaka mwingine aziguse. Iliniuma. Tulimaliza tukiwa tumelowa wote, na ule mstari ukaunganika. Maji makubwa yalikuja katikati ya wiki. Nilisimama chumbani nimeweka kiganja ukutani. Nikayasikia yakifika kwenye mawe, yakatulia kidogo, yakashuka polepole kuelekea kwa mshona nguo na kuendelea. Ukuta umesimama, na wa kwake pia.

Usidhani nimelainika. Timazi sasa anataka niwe mtunza stoo ya majembe. Bado natafakari anataka nini.

Nilikudhania mwizi, wewe niliyekubeba mgongoni. Nimeona haya hata mbele ya kikombe cha chai. Yule mama nimemwambia aache kunigongea, kwamba kuna mtu mwingine wa kazi hiyo. Ruhusa ukiipata, njoo ugonge mwenyewe.

Baba yako