Orodha Ije Kwanza

3 Machi

Mwanangu Mbishi,

Hujambo? Mimi mzima, goti tu ndilo linanikumbusha miaka thelathini niliyosimama mapokezi ya dharura. Ningekupigia, lakini kwenye simu hunikatiza kabla sijafika kwenye hoja. Hapa utanisikiliza mpaka mwisho.

Jumanne asubuhi fundi viatu, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikuwa akifyeka nyasi nyuma ya nyumba. Nyoka akamng'ata mkono wa kulia. Nilimkalisha, nikamwambia atulie, nikaufunga mkono kwenye kipande cha ubao usitikisike. Kisha nikafungua ule ukurasa wa hospitali yenu, ule ulionitambia kwamba umeutengeneza wewe, unaoonyesha zahanati ipi leo ina dawa ya sumu ya nyoka.

Ukurasa mweupe. Nikangoja. Mweupe. Mkewe analia, dereva ameshawasha gari, ananiuliza, "Mama, tunaelekea wapi? Ya mlimani au ya sokoni?" Nami nimeduwaa na simu mkononi. Baada ya dakika kama nne ikaja picha ya mwanamke anatabasamu. Kisha kidirisha kinaniuliza kama nakubali kufuatiliwa. Orodha sikuiona. Nikasema twende ya sokoni.

Dawa ilikuwa ya mlimani.

Yu hai, tushukuru. Lakini vidole viwili havikunjiki tena, na wewe unajua mkono wa kulia wa fundi viatu ni nini.

Nijibu swali moja tu: ule ukurasa ulikuwa unasubiri nini?

Shangazi yako

5 Machi

Shikamoo Shangazi,

Pole sana, na pole nyingi kwa fundi na mkewe. Nimesoma barua yako mara mbili na chai imepoa mezani. Ila usijilaumu. Mtandao wa huko ni dhaifu, na simu yako ni ya zamani mno. Hapa ofisini ukurasa unafunguka kufumba na kufumbua. Nitakutumia simu nyingine.

Mwanao

6 Machi

Mbishi,

Shikamoo yako nimeipokea, simu yako sitaki.

Leo nimesimama palepale nyuma ya nyumba na simu ileile. Ratiba ya mabasi: sekunde sita. Matokeo ya mitihani: sekunde nane. Wenu: dakika mbili na nusu, nikachoka. Mtandao ni huohuo mmoja. Miaka yote ile mapokezini sijawahi kumwacha mgonjwa mlangoni kwa sababu alikuja kwa barabara mbovu.

Acha kunitafutia simu. Tafuta jibu.

Shangazi yako

19 Machi

Shikamoo Shangazi,

Goti linaendeleaje? Nimekaa kimya kwa aibu, si kwa kiburi. Ulikuwa sahihi.

Nilichukua simu kama yako, nikaubana mtandao ufanane na wa huko, nikafungua kazi yangu mwenyewe. Mweupe, kama ulivyosema. Nikaanza kufuatilia kinachopita.

Simu husoma ukurasa kuanzia juu kwenda chini. Ikikuta skripti, yaani programu ndogo iliyopachikwa humo, husimama: iilete kwanza, iitekeleze, ndipo iendelee. Juu ya ukurasa wangu zimewekwa skripti kumi na moja ambazo si zetu, ni za kampuni za nje. Moja inahesabu wageni. Nyingine inaandika kila mahali mtu anapogusa. Nyingine inamfuata mtu aendako ili aonyeshwe matangazo. Na kila moja ikifika inaita wenzake. Siku ile ya Jumanne mashine ya kampuni mojawapo ilikuwa imelala haijibu, na simu yako ikabaki inaingojea. Orodha ya zahanati niliiweka mwisho kabisa. Mimi, kwa mikono yangu.

Skripti zile ziliongezwa na Mkuu wa Uenezi, anayeshughulikia matangazo ya hospitali, baada ya mimi kumaliza, lakini niliziona nikanyamaza. Nilimuuliza leo kwa nini zikae juu. Akasema, "Zikikaa chini, mtu anaweza kuondoka kabla hatujamhesabu."

Kuna jambo jingine, na hili ndilo limeninyima raha. Katika taarifa ya mwezi alisoma kwa furaha kwamba wageni sasa wanakaa muda mrefu zaidi. Nikafungua hesabu ya wageni wa Jumanne. Mgeni mmoja, simu ya zamani, dakika nne na sekunde kumi na moja. Ni wewe, Shangazi. Umehesabiwa kama mtu aliyefurahia ukurasa.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Nimemsomea fundi barua yako. Amecheka mpaka akakohoa, halafu hakucheka tena.

Zitoe.

Shangazi yako

28 Machi

Shikamoo Shangazi,

Orodha sasa iko ndani ya ukurasa wenyewe, mstari wa kwanza, haisubiri kuletwa na kitu chochote. Za nje nimezishusha chini, zije baadaye zikitaka. Kwenye ile simu: sekunde tatu.

Mkuu wa Uenezi amegundua kwa sababu hesabu yake imepungua. Ameniita mbele ya wenzangu. "Nani amekupa ruhusa?" Nikamwambia, "Fundi viatu." Hakuelewa, nami sikumfafanulia. Amenipa mpaka Ijumaa nirudishe kila kitu kilipokuwa.

Mwanao

29 Machi

Mwanangu,

Sikulala vizuri. Nilikulea baada ya kaka yangu kutuacha, nikakuona unasoma kwa shida, na sasa mimi ndiye nimekutia kwenye moto. Rudisha. Kazi ni kazi. Fundi naye anasema hivyohivyo, ameshaanza kushika sindano kwa mkono wa kushoto. Utapigana siku nyingine.

Nakuomba. Unajua mimi siombi.

Shangazi yako

30 Machi

Shikamoo Shangazi,

Hapana.

Nakuheshimu kuliko mtu yeyote aliye hai, na jibu ni hapana. Nimemwandikia Mkuu wa Uenezi hivyohivyo, kwa karatasi, nikatia jina langu na nakala nikapeleka kwa mganga mkuu wa hospitali.

Mwanao

17 Aprili

Mbishi wangu,

U mzima? Kimya chako nilikifahamu siku nilipofungua ukurasa nikakuta weupe umerudi. Nikajua wamekutoa kazini. Kwa nini hukuniambia? Usijibu, najua kwa nini.

Basi sikia. Jana bodi ya hospitali ilikuwa na mkutano wa wazi na wananchi. Nimevaa viatu vyangu vya kazini, nimekwenda, fundi nyuma yangu. Ilipofika zamu yangu nikaweka simu mbele ya mwenyekiti wa bodi. Nikasema, "Mzee, huyu ameng'atwa na nyoka sasa hivi. Tumpeleke wapi?"

Akabonyeza. Mweupe. Akatabasamu kidogo, akabonyeza tena. Nikamwambia usibonyeze, utaanza upya. Fundi amesimama tu, mkono mezani. Mkuu wako wa Uenezi akainuka, "Huo ni mtandao." Nikamfungulia ratiba ya mabasi. Watu wakacheka, yeye akakaa.

Mwenyekiti akangoja mpaka yule mwanamke wa tabasamu akatokea. Akauliza, "Huyu ni nani?" Hakuna aliyejua. Kumbe ni picha tu ya kununua. Nikamwambia kijana aliyeiweka orodha kwanza mmemfukuza. Akageuza simu kifudifudi, akasema orodha ije kwanza, na aliyeiweka kwanza arudishwe.

Goti limevimba. Halinihusu.

Shangazi yako

6 Mei

Shikamoo Shangazi,

Samahani kwa kuficha. Sikutaka useme "nilikwambia," maana ungekuwa na haki.

Waliniita siku mbili baada ya mkutano. Kulikuwa na barua ya mimi kuomba radhi imeshachapwa, imebaki nafasi ya saini yangu tu. Nikaisoma, nikairudisha, nikasema nitakaa nyumbani. Nimekaa wiki mbili. Jumatatu mganga mkuu akapiga mwenyewe: njoo, barua tumeiacha.

Orodha iko juu. Skripti saba nimezifuta, hakuna aliyekumbuka ziliwekwa za nini. Nne zimebaki, zinaingia baada ya orodha kuonekana.

Leo asubuhi Mkuu wa Uenezi amekuja mezani kwangu na skripti mpya. "Hii ni nyepesi," anasema, "iweke ya kwanza kabisa." Nikamvutia kiti akae. Nikaushusha ukurasa taratibu, nikapita orodha, nikapita namba za simu, nikapita ramani, mpaka chini kusikokuwa na kitu.

"Hapa," nikamwambia. "Mgonjwa akishaondoka."

Mwanao Mbishi