Figa la Mama Feza kwenye Kabati la Vioo

Mama wangu,

Nakuamkia kutoka Kasongo nikiwa na matope mpaka masikioni: siku mbili juu ya pikipiki, tumeanguka mara tatu, mvua sikuhesabu. Lakini figa lako nimeliona! Lile ulilopikia miaka kumi na moja, mpaka mwanafunzi wa chuo akaona samaki wa kale aliyegeuka jiwe ndani yake, akaliomba. Sasa limelala kwenye kabati la vioo, katika makumbusho ya chuo, na karatasi inasema: “Mwenye kuliokota: hajulikani.” Hajulikani! Mama wa watoto saba!

Nikafungua kabati. Profesa anayesimamia makumbusho akapiga kelele: “Papa, usiguse! Ile weusi ya chini tuko tunaichunguza bado.”

“Munachunguza nini, Profesa? Ile ni masizi ya kupikia sombe, majani ya muhogo ya mama yangu.”

Akakwaruza kwa ukucha, akanusa, akacheka mpaka miwani ikamtoka. Kisha akashika kalamu, nami nikamsimamia herufi kwa herufi: “Mwenye kuliokota: Mama Feza wa Kabambare. Weusi: sombe.”

Nakuletea figa lingine, la tofali. Ndani halina samaki, nimehakikisha. Chungu chako kisiyumbe, mama, mpaka nifike.

Mwanao wa nne,
Assani