Bwana Anapima Mlima

Jumatano, 1 Agosti 1951. Tanga, mashuani.

Nimeteka maji ya ngama asubuhi, chini kabisa mwa mashua. Ndoo kumi na mbili za maji machafu. Mashua inavuja zaidi ya wiki jana. Chai, mayai, mkate wa jana. Bwana amegonga kioo cha baromita, kipima hewa chake, kwa ukucha kama kila siku, akaandika kwenye daftari, akaridhika. Memsabu ametundika nguo kwenye kamba za tanga. Miaka miwili sasa nawapikia hawa wawili humu majini, Mombasa hadi Lindi, na bado kichwa hunizunguka mashua ikilala upande. Mshambaa na bahari wapi na wapi.

Bwana anataka kwenda milimani, aone kwetu. Mashua itaachwa kwa mlinzi. Nimefurahi mpaka nikaunguza maharage.

Ijumaa, 3 Agosti. Lushoto.

Treni hadi Mombo, lori hadi hapa. Baridi, ukungu. Memsabu kavaa sweta mbili. Bwana amekuja na baromita ndogo ya mfukoni, utadhani saa. Kila kona anaitazama. Ukipanda juu mshale unashuka, ndivyo anavyojua urefu wa mlima. Hana kazi nao huo urefu. Anapenda tu kujua.

Jumapili, 5 Agosti. Nyumbani, juu ya Magamba.

Mama amezeeka. Amenishika uso kwa mikono miwili. Tumepiga hema la Wazungu nyuma ya nyumba yake. Kaka Hoza ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki, na anaringa vilevile.

Jioni wazee walikuja kuuliza wageni wamefuata nini. Nilikuwa na kuku jikoni. Nikajibu harakaharaka kwamba Bwana amekuja kupima mlima.

Wakaaga mapema. Chai haikunyweka.

Jumatatu, 6 Agosti.

Mimi mjinga. Huku siku hizi kupima ni jambo moja tu: watu wa serikali waje na minyororo yao, kisha amri ya kuchimba matuta ya kuzuia udongo. Bonde la pili walilipima mwaka jana. Wanawake wanachimba matuta mpaka migongo imekufa, na asiyechimba anashtakiwa. Ningesema Bwana anatembea. Ningesema anatafuta vipepeo.

Nimezunguka nyumba kwa nyumba kueleza. Wananisikiliza kwa adabu. Hakuna anayeniamini.

Jumanne, 7 Agosti.

Bwana kapanda kutoka mtoni hadi kileleni, baromita mkono huu, daftari mkono ule. Kila shamba watu wamesimama, majembe chini, wanamtazama. Nilimwomba akiweke kitu chake mfukoni. Akacheka. Mpagazi wetu alitua mzigo njiani akaenda zake.

Jumatano, 8 Agosti.

Leo ilikuwa zamu ya mama kuvuniwa mahindi. Majirani hawakuja. Hata mmoja.

Kaka Hoza amesema neno hili la kupima likithibitika nyumba ya mama itatengwa. Hakuna wa kumvunia, hakuna wa kumpa moto, na siku akifa hakuna wa kumchimbia kaburi. "Wewe utarudi kwenye maji yako," akaniambia. "Yeye atabaki hapa."

Naogopa. Tumevuna wawili, mimi na mama, mstari mmoja na nusu. Hajanilaumu. Afadhali angenilaumu.

Alhamisi, 9 Agosti.

Asubuhi tumekuta kamba za hema zimekatwa kwa panga. Zote. Bwana ameziunga kwa mafundo ya baharini, anapiga mluzi, anadhani ni mbuzi. Mbuzi gani ana panga.

Baromita aliiacha juu ya sanduku. Niliishika. Jiwe lilikuwa karibu. Nikairudisha. Kisha nikamuuliza waziwazi: namba hizi utampa mtu? Akasema hapana, ni zake mwenyewe. Nimepumua.

Ijumaa, 10 Agosti.

Baada ya sala ya Ijumaa nimesimama mbele ya watu nikashika Msahafu. Nimeapa kwamba Bwana hakutumwa na serikali na kwamba namba zake hazitafika bomani. Sijawahi kuapa maishani.

Mzee Kaniki, mkali kuliko wote, akauliza, "Mtu huyu unamjua sawasawa?" Nikasema namjua, tumeishi chombo kimoja miaka miwili. Halafu akanipa mkono.

Jumamosi, 11 Agosti. Lushoto.

Alfajiri, kule nyumbani, nimeamshwa na kelele shambani. Majirani wamejaa, wanavuna na kutaniana. Mahindi yote yalikuwa chini kabla hatujafunga mizigo. Mama anacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu baba alipokuwa hai.

Jioni. Wametukaribisha chai kwa bwana shamba wa serikali, Mzungu mwenzao. Nilisimama na birika. Wakazungumza mvua, wakazungumza samaki. Bwana akatoa daftari. Mwenzake akauliza, naye akamsomea: mtoni futi kadhaa, kileleni futi kadhaa. Yule akachukua kalamu. Akasema mteremko ule ni mkali kuliko walivyodhani, lazima uwekewe matuta. Bwana akaona fahari. Ukurasa akauchana mwenyewe, akampa.

Nilimwaga chai kwenye kitambaa. Memsabu akasema si kitu.

Nilipomuuliza Bwana njiani, akajibu kwamba alifikiri nilikuwa nauliza kama atawapa watu wa magazeti. Ni mtu mwema. Sitamsamehe.

Jumatatu, 13 Agosti. Tanga, mashuani.

Nimeteka maji ya ngama. Nimepika wali.

Alhamisi, 23 Agosti. Tanga.

Barua ya Kaka Hoza. Wote wazima. Mahindi yako darini. Mzee Kaniki kampelekea mama mkungu wa ndizi, anamsifu mbele za watu kwa kuzaa mtoto mkweli. Mama anauliza nitarudi lini.

Nimeisoma mara nne jikoni, mlango nimefunga.

Jumamosi mashua inang'oa nanga kwenda Unguja. Ningeweza kwenda nayo. Wapimaji watakapofika mimi niko mbali, na laana itamkuta mama peke yake mlangoni. Nimetamani kwenda. Naandika hapa kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 24 Agosti.

Nimewaaga. Memsabu kalia. Bwana kaniandikia barua ya sifa, ndefu, na mwandiko mzuri. Napanda treni leo. Lazima wasikie kwangu, kabla hawajaona kwa macho.

Jumamosi, 25 Agosti. Mombo.

Nimelala kituoni. Lori la kupanda mlima ni hili moja, jingine Jumanne. Watu wawili wanapakia minyororo na nguzo zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Wanakwenda juu ya Magamba. Wameambiwa kuna mteremko.

Nikienda kwa miguu watanitangulia. Nikipanda nao, kijiji kizima kitaniona nashuka nao.

Nimenunua ndizi, nimekula nusu. Ukungu umeshuka hadi katikati ya mlima.

Nimepanda. Mmoja wao, mtu mzima mwenye adabu, ameisogeza minyororo nikapata pa kukaa. Akaniuliza kama mimi ni mwenyeji. Nikamwambia ndiyo, wa huko huko wanakokwenda. Amefurahi. Amesema basi nitawaonyesha njia.