Kesi Yangu Ilisikilizwa Angani

Jumapili, 18 Agosti

Nyumba kimya. Nimekula mkate mkavu nikiwa nimesimama jikoni. Nikatoa mzaha kuhusu mkate, wala si mbaya. Hakuna wa kucheka.

Mke wangu — Mwalimu, hata mimi humwita hivyo — yuko kwa dada yake, mji mwingine kabisa. Wiki ya pili sasa. Sababu: hotuba. Eti hotuba! Watu huachwa kwa ulevi, kwa nyumba ndogo, kwa ngumi. Mimi nimeachwa kwa hotuba.

Niiandike hapa, siku moja nijisomee nione kosa liko wapi. Mwalimu kapandishwa cheo, naibu mkuu wa shule. Wenzake wakamwandalia sherehe ndogo ukumbini, soda na keki. Wakaomba mume naye aseme mawili matatu. Nikasema. Nikasema mke wangu hupoteza funguo za nyumba kila wiki, na sasa wamemkabidhi za shule nzima. Wakacheka. Nikaeleza anavyoegesha gari. Wakacheka zaidi. Halafu nikaigiza alivyolia bafuni siku moja kabla ya usaili — ile sauti ya puani, taulo kalikumbatia. Hapo mkuu wa shule alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi apigwe mgongoni. Na Mwalimu alicheka! Nilimwona kwa macho yangu. Meno yote nje, na meno ndiyo kazi yangu.

Tulipofika nyumbani akaniambia amechoka kuchekwa. Nikamwambia basi tuanze kutoza kiingilio, tugawane nusu kwa nusu. Yeye akaenda kutafuta sanduku.

Jumanne, 20 Agosti

Kutwa nzima karakanani, natengeneza meno ya bandia. Seti ya juu ya mwanasheria mstaafu: anataka meno meupe kuliko aliyozaliwa nayo. Nikamwambia kwa umri wake, meno meupe hivyo yataonekana kama ameyaazima kwa ajili ya harusi. Akanuna. Wateja wa siku hizi hawana ucheshi hata kidogo. Nikakoroga plasta, nikachonga nta, nikang'arisha hadi vumbi la waridi la fizi za bandia likanijaa puani.

Nilipokuwa nafunga, akaingia Shangazi. Huyu ndiye aliyenilea baada ya baba, kaka yake, kufariki. Miaka yake yote ya kazi alikuwa mwita kesi mahakamani, yule anayesimama mlangoni kupaza jina la mshitakiwa hadi barabarani. Amestaafu. Sauti haijastaafu.

Akaketi kwenye kiti cha wateja, akakataa chai. Amezungumza na Mwalimu kwa simu, muda mrefu tu. Ijumaa tunakwenda kumfuata, mimi na yeye. Basi ni safari ya kutwa na magoti yake hayataki, kwa hiyo tutapanda ndege. Nikamuuliza kama hayo magoti yamewahi kupanda ndege. Hakucheka.

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," akasema. Akaniambia nikate tiketi leo leo.

Jumatano, 21 Agosti

Tiketi nimekata. Kampuni ya bei poa, daraja la chini kabisa. Ukitaka begi, lipa. Ukitaka kukaa karibu na mtu uliyekuja naye, lipa. Maji, lipa. Hewa nadhani ni ya bure, ila sijamaliza kusoma yale maandishi madogo.

Usingizi hauji vizuri upande mmoja wa kitanda ukiwa mtupu. Hili silitanii.

Ijumaa, 23 Agosti

Uwanja wa ndege. Tumechelewa kuruka "kwa sababu za kiutendaji", maana yake hawajui wao wenyewe. Naandika nikiwa nimekaa juu ya sakafu, viti vyote vimekaliwa na mabegi ya watu.

Kwenye ukaguzi Shangazi alimuuliza askari ana kibali gani cha kumvua mama mzima viatu. Askari akamwomba radhi. Mimi nikavuliwa mpaka mkanda, nikavuka nimeshikilia suruali, wala hakuna aliyeniomba radhi.

Tunaitwa. Watu wamekimbilia foleni utadhani siti zitaisha. Siti zina namba, jamani!

Ijumaa hiyo hiyo, jioni, nyumba ya wageni

Sijavua hata viatu. Hasira, nadhani. Niandike yote.

Safu ya ishirini na tatu. Bwana mmoja dirishani, Shangazi katikati, mimi pembeni kwenye njia, kila anayepita ananiburuzia begi begani. Magoti yangu yalikuwa karibu na kidevu kuliko yalivyowahi kuwa tangu nizaliwe. Kule mbele kuna pazia. Nyuma ya pazia watu wanne wanapewa vitambaa vya moto vya kujifutia mikono. Sisi tunapewa kadi yenye picha za namna ya kufa kwa utaratibu. Mhudumu akatuonyesha jinsi ya kupuliza filimbi ya boya huku akitabasamu. Meno mawili ya mbele ni ya bandia, kazi safi, ningependa kujua ya nani.

Tukaruka. Shangazi masikio yakaziba. Nikamwambia ameze mate. Akaniuliza nasema nini. Nikarudia. Akaniambia nisimnong'oneze kama mwizi.

Sasa yule bwana wa dirishani, muuza pampu za maji, mtu mstaarabu mwenye bahasha ya picha za pampu mapajani, akafanya kosa la adabu. Akamuuliza mama anasafiri kwa kazi au kwa familia.

"Namrudisha huyu kwa mkewe," akatangaza Shangazi. "Kama mkewe bado anamtaka."

Sauti ya mahakamani! Na masikio yameziba, hajisikii mwenyewe. Vichwa vikageuka kuanzia safu ya kumi. Nikamgusa mkono. Nikaweka kidole mdomoni. Akadhani naomba maji, akanipa chupa yake.

Halafu akaiendesha kesi kama alivyozisikia kesi maisha yake yote: mshitakiwa nani, siku gani, mahali gani, mbele ya nani. Akaeleza funguo. Akaeleza gari. Akaeleza na la bafuni, ambalo mimi sikumwambia, kwa hiyo aliyemwambia ni Mwalimu. Muuza pampu akawa ananitazama kwa jicho la pembeni. Nyuma yangu mzee mmoja akaegemeza kidevu chake juu ya siti yangu, pumzi inanipiga utosini, ili asikose neno.

Na kisha likaja nisilolijua. Mwalimu amepata kazi huku. Jirani wa dada yake ana shule, anatafuta mwalimu wa darasa, anataka jibu kabla ya Jumatatu. Mwalimu atakiacha cheo. Cheo kile kile alichokilia! Shangazi akaeleza kwa nini, na ndege nzima ikaelezwa pamoja nami: hawezi tena kuingia katika chumba cha walimu waliomwona analia kupitia kwa mumewe. Atawaamrisha nini, na kila akifungua mdomo wanaona taulo?

Nilidhani amenuna tu. Kununa nimekuzoea, huisha. Hili la kazi likanifanya nishike mikono ya siti kwa nguvu. Muuza pampu akaniambia kwa huruma kwamba ni upepo tu.

Katika upenyo kati ya siti za mbele kukatokea jicho na nusu ya mdomo. Mama fulani, meno mazuri, yake mwenyewe. Akaniuliza, alipopata hicho cheo nilimpa hongera?

Nikamwambia hotuba yote ilikuwa hongera.

"Hapana, baba. Neno lenyewe. Ulilisema?"

Nikafikiri. Nikaanzia siku aliponipigia simu kutoka wilayani kuniambia amekipata, nikaja mpaka kwenye keki. Nilikuwa bado nafikiri rubani alipotangaza kwamba njia ya kutua ina msongamano, tutazunguka kidogo. Kwa hiyo tukazunguka juu ya mji, mimi na kesi yangu, abiria wote wamefungwa mikanda na hawana pa kwenda. Mzee wa nyuma akasema hata "umejitahidi" ingetosha. Mwingine akasema umejitahidi ni tusi. Wakaanza kubishana wenyewe, kana kwamba mimi sipo!

Basi nikafanya ninachojua kufanya. Nikanyoosha mkono. Nikasema naomba kesi iahirishwe, maana hakimu hasikii na mawakili wote wamefungwa kwenye viti.

Wakaangua kicheko! Safu zote, mbele na nyuma. Mhudumu aliyekuwa amekaa kule mwisho akajiziba mdomo. Muuza pampu akaangusha picha zake. Mama wa mbele, hata yeye, nilisikia siti yake inatikisika. Kwa muda ule nilikuwa mzima kabisa, sina shida duniani.

Ndege ikawa inashuka, na masikio ya Shangazi yakazibuka. Niliona uso wake ukibadilika. Akawatazama mmoja mmoja, wakicheka. Halafu akasema, sauti ya chini sijawahi kuisikia kwake:

"Mmeona? Hivyo ndivyo anavyofanya. Na nyinyi ndio mnaomsaidia."

Kicheko kikakatika. Jicho likaondoka kwenye upenyo. Mzee akatoa kidevu chake. Muuza pampu akainama kuokota picha zake na hakuinuka mpaka magurudumu yalipogusa chini.

Wakati wa kushuka, yule mama wa mbele alinipita na mkoba wake, akaniambia nikalitamke hilo neno, basi. Hakuwa mkali. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Hawa watu walicheka! Sikumtekenya mtu mbavu. Wamecheka kwa hiari yao, kisha wakanitazama kama mimi ndiye niliyewaibia kitu. Na muuza pampu, kwa bahasha ile, naye wa kunihurumia mimi! Mtu anayembembeleza kila abiria anunue pampu!

Nina hasira. Nina aibu pia, niandike tu, hakuna anayesoma. Shangazi yuko chumba cha pili, nasikia anakoroma. Hata kukoroma kwake kunaita majina.

Jumamosi, 24 Agosti

Sebuleni kwa shemeji. Makochi yana vitambaa vyeupe vilivyonyooshwa kwa pasi, naogopa kuegemea. Nimepewa chai. Shemeji, dada mkubwa wa Mwalimu, aliniwekea kikombe bila kunitazama, akauliza habari za safari, nikajibu nzuri. Nilikuwa na la kusema kuhusu safari. Nikalimeza.

Mwalimu sijamwona. Yuko chumbani na Shangazi, mlango umefungwa. Kwenye teksi Shangazi alinipa amri moja: nisifungue mdomo mpaka niulizwe. Nasikia sauti ya Mwalimu ukutani, maneno hayasikiki. Sauti tu. Sikujua kwamba nimeikosa kiasi hiki.

Shemeji katoka. Katoa masharti, kasimama, mikono kiunoni.

"Mwenzio atakuja kukaa hapa na wewe. Umwambie jambo moja jema alilonalo. Moja tu. Na asicheke mtu."

Nikauliza, na kama akicheka mwenyewe? Shemeji alinitazama mpaka nikainamia kikombe. Sasa karudi ndani. Najitayarisha hapa kwa kalamu, kama mwanafunzi.

Mwalimu, una subira, ndiyo maana umeweza kuishi na

Hapana.

Mwalimu, unafundisha vizuri, hata wale wenye vichwa vya

Hapana!

Mwalimu, wewe ni mzuri wa sura, na meno ukiniachia mimi

Mungu wangu. Kila sentensi inaanza vizuri, halafu inateleza yenyewe. Sifanyi makusudi. Naapa sifanyi makusudi.

Polepole.

Siku karakana ilipoungua. Watu walikuja, wakatoa pole, wakaondoka. Mwalimu alipindua ndoo, akaketi kando yangu katikati ya majivu na meno ya watu yaliyoyeyuka. Alikuwa na gauni la kazini. Alikaa mpaka jua likazama. Nilikuwa kichekesho siku ile, uso mweusi tii kwa masizi, nalia kwa sauti, kamasi zinanitoka. Hakucheka. Na hakumwambia mtu. Hata dada yake, nina hakika, hajui mpaka leo kwamba nililia.

Hiyo ndiyo. Hiyo nitaisema. Na baada yake, hongera. Nimejaribu kwa sauti ndogo: hongera. Linatoka. Halina ugumu wowote.

Mlango wa chumba umefunguka. Wako kwenye ujia, Shangazi anamnyoosha Mwalimu kola. Amekonda. Ana miwani mipya — hajawahi kuvaa miwani — mikubwa, ya duara, fremu nyekundu, inamfika katikati ya mashavu.

Ee Mungu, miwani ile.

Sentensi yangu ninayo. Hongera ninayo. Na mzaha huu nao umekuja bila kuitwa, mfupi, mtamu, bora kuliko yote niliyowahi kusema. Shangazi mwenyewe atacheka. Shemeji atacheka. Mwalimu atacheka, meno yote nje.

Anakuja. Vyote viko mdomoni, na mzaha ndio uko mbele