Salamu za Talaso

Jumanne.

Simu ya mke wangu Dahabo imeita tena leo. Bado naichaji kila jioni, ingawa tulimzika kabla ya mvua.

Alikuwa Talaso, yule mama wa kijiji cha Biliqo mwenye binti mchanga. "Salaam aleikum, mzee. Nipe mke wako. Kuna sauti inazunguka WhatsApp, eti chanjo ya surua inaharibu uzazi wa wasichana. Nikatae?"

Mimi mambo hayo siyajui. Dahabo mwenyewe, pamoja na miaka yote ya kutembelea akina mama kama mhudumu wa afya, hakuwa akibahatisha. Alikuwa akisema, "Ngoja tumuulize nesi," na tayari ameshika mtandio.

Nikamwambia Talaso asikate, nikaenda dispensari, nikampa nesi ile simu. Hakumcheka. "Si kweli, dada. Cha kuogopa ni surua yenyewe. Ukisikia kingine, niulize mimi."

Niliporudishiwa simu, Talaso akashusha pumzi. "Basi kesho nampeleka. Mzee, msalimie mama. Mwambie tumemkumbuka sana huku."

Nilitaka kumwambia. Lakini alimtaja kama mtu aliye jikoni tu, na nikatamani iwe hivyo kidogo. Nikasema nitamsalimia.

Dahabo, Talaso anakusalimia. Kesho mtoto wake atachanjwa.