Nasaba ya Bishti

Jumapili, 4 Januari 2026

Daftari hili ni la mwanangu Lamya, la chuoni. Kurasa tatu za mbele zimejaa utumbo wa ng'ombe, kauchora mwenyewe kwa kalamu nyekundu, mshipa mmoja mmoja. Sikuzichana. Mtoto kachora utumbo ukapendeza! Nani mwengine ana mtoto kama huyo?

Mie naanzia hapa.

Leo katimiza miezi mitano kazini, kliniki ya wanyama ya Ghubra, hapa Muscat. Daktari Lamya bint Msellem. Kibati cha jina kifuani, nimekisugua mwenyewe kwa kitambaa cha miwani. Ndugu zangu wanasema "daktari wa paka" halafu wanaziba midomo wasicheke. Nawacheke! Miaka sita kakaa Jordan na baridi ile. Mtoto wa binti ammi yangu Mahbuba ni injinia wa mafuta. Sawa. Lakini mafuta hayang'ati.

Bishti kalala juu ya miguu yangu naandika. Paka wetu. Mwaka juzi tulikwenda Sidab kwa wavuvi kununua jodari, kufika nyumbani, mtaa wa Hail, mume wangu Msellem kafungua buti la gari — mna kijipaka ndani ya kapu, tumbo kama tenga, kashakula nusu ya samaki mmoja. Mweusi mgongo mzima, kifua cheupe, mikono myeupe. Kama shekhe aliyetupia bishti jeusi juu ya kanzu. Jina likaja lenyewe.

Jumanne, 6 Januari 2026

Makubwa!

Nafuta vumbi chumbani kwa Lamya, nnakuta kitabu chake cha aina za paka. Nafungua hivi — Bishti! Bishti mtupu! Masharubu yale, kifua kile, mikono ile kama kavaa glavu. Nikamleta mwenyewe nikamweka ubavuni mwa picha. Pacha. Chini imeandikwa, nikasoma kwa kidole: Muingereza wa manyoya mafupi.

Muingereza! Kutoka kwenye kapu la samaki!

Nimepiga picha nimeitia kwenye grupu ya ukoo. Watu sitini na wawili, Muscat, Unguja, Dubai. Nikaandika: Bishti wetu, kumbe Muingereza asli. Mioyo imemiminika. Mahbuba peke yake kaleta ujumbe wa sauti. "We Shariffa, huyo shume la Sidab leo ana asili? Mwambie asome khabari kwa Kiingereza basi!" Yeye ana paka wa Kiajemi, Lulu, mweusi na mweupe pia, ana vyeti mpaka vya babu yake. Uso wa Lulu umebonyea kama kafungiwa mlango. Nimeweka alama ya taji tu.

Ijumaa, 9 Januari 2026

Lamya kaona grupu. Kacheka, lakini kacheka vizuri, kanikumbatia. Kasema mama'ngu, nyeusi na nyeupe si aina. Ni rangi tu. Aina nyingi huivaa.

"Kama buibui?" nikamuuliza.

"Kama buibui. Halimpi mtu kabila."

Kanikalisha, kanifungulia kitabu ukurasa kwa ukurasa, mchana mzima mpaka chai ikapoa. Kuna Mturuki, jina lake Van, mweupe pee, rangi kichwani na mkiani tu, katikati hamna neno. Kuna mkubwa kama kitoto cha mbuzi, ana mashungi masikioni. Kuna wa kisiwa huko Uingereza, hana mkia kabisa, kazaliwa hivo. Kuna mwenye manyoya ya mawimbi. Kuna ambaye hana manyoya kabisa — uchi! — na mabaka meusi na meupe yapo vile vile, kwenye ngozi! Nimesema subhanallah mpaka Msellem kaja mlangoni kuuliza nani kafa.

Khalafu kaniambia jambo hili, na hili ndilo nnaloliandikia leo. Kijipaka kikiwa tumboni, mbegu za rangi zinaanzia mgongoni, kwenye uti. Zinashuka taratibu, mbavuni, mabegani, zinakwenda miguuni na tumboni. Nyengine hazifiki. Pale zisipofika, ndipo peupe. Ndio maana weupe uko kifuani na miguuni, mbali na mgongo. Na hapana wawili waliofanana, kwa sababu kila safari na mwendo wake.

Rangi imechoka njiani!

Nimemshika Bishti nimemtazama mkono wa kulia. Weusi umefika kwenye kifundo, ukasita, kama mtu aliyefika pwani akaogopa kurowa. Nimemshika mkono ule mpaka kaunyakua. Mungu anafanya yote haya gizani, ndani ya tumbo la paka wa jalalani, na hakuna anayemtazama. Na mwanangu mimi anayajua! Kayasema huku anakula bisikuti, kama khabari ya bei ya vitunguu.

Nimemuuliza basi Bishti aina gani. "Paka, Mama. Paka tu."

Sikuandika hayo kwenye grupu.

Jumatatu, 12 Januari 2026

Mahbuba kaleta tangazo. Maonyesho ya paka, Jumamosi tarehe 24, ukumbini huku huku Hail. Kaandika mbele ya watu wote: "Lulu atakuwepo. Muingereza wa Shariffa naye aje, tumsalimie." Sitini na wawili wamesoma. Shemeji wa Dubai kasema atakuja na gari mbili.

Ningefanyaje?

Nimekwenda duka la vyakula vya wanyama nimechukua fomu. Ina visanduku viwili. Kimoja: paka wa nyumbani, asiye na cheti. Chengine: paka wa aina. Nimekitazama kile cha kwanza muda. Kalamu ilikuwa pale pale juu yake. Kisha nikatia alama cha pili. Aina: Muingereza wa manyoya mafupi. Jina la baba, jina la babu. Nikasema mbona hayo rahisi. Bishti bin Sultani bin Almasi. Nani atafufuka kuja kunikanya?

Nimeituma picha yake kwa simu. Hii yenye mwandiko wangu niende nayo siku hiyo, kwenye meza ya ukaguzi ataitazama daktari, amtazame na paka, atie saini chini. Yule muuza duka kasema daktari wa mwaka jana alikuwa mzee, hata miwani hakuvaa.

Jumatano, 14 Januari 2026

Lamya kaingia anaruka. Kliniki imemchagua. Atakaa yeye meza ya ukaguzi, maonyesho ya Hail. Yeye! Mwenye miezi mitano! Madaktari wakubwa wawili wameachwa. Kila paka atapita mikononi mwake, hapiti bila ya saini yake.

Msellem kalia kidogo, kasingizia vitunguu.

Mie nimepiga kigelegele, majirani wamesikia. Khalafu nikenda jikoni nikasimama mbele ya friji lililo wazi. Sikumbuki nilikuwa nataka nini.

Ijumaa, 16 Januari 2026

Mahbuba kaja na halua. Kamtazama Bishti kutoka masharubu mpaka mkia. "Na huko Sidab wanaongea Kizungu kweli?" Nimecheka naye. Nimemwambia daktari wa meza ni Lamya wangu. Nilitaka kujisifu tu, wallahi, neno limenitoka.

Kaweka kikombe chini. "Aa," kasema. "Basi Bishti keshapita. Daktari nyumbani kwenu, saini nyumbani kwenu. Sikujua, dada."

Neno hilo nnalirudia tangu mchana. Watasema hivo wote. Bishti akipita, watasema Lamya kambeba mamake. Na kweli itakuwa kambeba mamake.

Alkhamisi, 22 Januari 2026

Lamya kaja na orodha ya maonyesho. Hajavua buibui, kaketi. Kaweka karatasi mezani, kidole kwenye namba thelathini na moja.

"Mama. Huyu Bishti bin Sultani bin Almasi ni nani?"

Nilicheka. Nilicheka peke yangu. Nikasema mwanangu, paka huyu, mchezo tu, si mtu kusema nimemnyang'anya mirathi.

"Chini yake natia saini mimi. Jina langu na la Baba. Wapo wenye vyeti vya kweli watakaosimama nyuma yako." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Sikuambii uandike nini. Mie nitasoma kilichoandikwa, nitamtazama paka, nitasema nilichokiona. Akiwa mbele yangu ni mama'ngu au si mama'ngu."

Khalafu kanyanyuka, kanibusu kichwani, kenda kumpa Bishti chakula.

Mtoto gani huyu? Nimeketi pale pale. Nilihisi kama nimeketi mbele ya baba yangu.

Sijapata kuliandika hili. Tumekuja hapa Omani kutoka Unguja mwaka wa sabini na tano, mie miaka saba. Kupata karatasi za uraia, baba anaulizwa majina ya babu zake. Watano. Baba anawajua wanne. Wa tano hamjui. Rafiki yake kamwambia, Hamdan, taja jina lolote, nani atafufuka kuja kukukanya? Baba kasema, wa tano simjui. Basi. Tumengoja miezi kumi na tisa kwenye chumba kimoja Matrah, mpaka kapatikana mzee mmoja wa Ibra, kipofu, kaja kampapasa baba kichwa na masikio, kasema huyu wetu, na jina la wa tano ni hili.

Watu wanakisimulia kisa hicho kwa fakhari. Mie pia nakisimulia. Lakini sisimulii kuwa miezi ile yote sikwenda skuli, sina karatasi. Nilikuwa nawatazama wenzangu kwa dirishani na mikoba yao. Nimeanza nimeshapitwa, nikaona haya kukaa na wadogo, nikatoka mapema. Nasoma kwa kidole mpaka leo. Nilimkasirikia baba miaka na miaka. Neno moja tu! Jina moja la kubuni, na mie ningekuwa, sijui, ningekuwa nani.

Na maneno ya yule rafiki nimeyasema mimi, kwa mdomo wangu, juu ya fomu ya paka.

Lamya hakumkuta babu yake. Kaipata wapi sauti ile?

Jumamosi, 24 Januari 2026

Naandika ukumbini, kitini, nipate kuishughulisha mikono. Bishti kwenye kikapu chake magotini. Sisi thelathini na moja. Wameita ishirini na tatu.

Wallahi sijaona! Yule Van wa Kituruki yupo, mzima, kama kachovywa wino kichwani na mkiani. Yule mkubwa kama mbuzi yupo, bwana wake kambeba mabegani. Mwenye mawimbi yupo, nimeruhusiwa kumgusa, kama kichwa cha mtoto mchanga aliyetoka kuoshwa. Asiye na manyoya kavalishwa fulana. Na nyeusi na nyeupe kila upande, kila mmoja kwa ramani yake! Rangi mbili tu, na Mungu hajarudia hata mara moja. Nimezunguka mara mbili mdomo wazi. Msellem kasema funga, ataingia paka.

Jamaa wamejaa safu mbili. Chupa za kahawa, halua, watoto. Wamekaa kama wanangoja bwana harusi. Mahbuba yuko kushoto kwangu na Lulu, namba thelathini na mbili, vyeti kwenye faili la dhahabu.

Na Lamya mezani. Koti jeupe, mtandio mweusi. Namtazama anavyofanya. Anaweka kwanza mkono juu ya kichwa cha paka, anatulia, paka naye anatulia. Ndipo anasoma karatasi. Nimemzaa mimi huyu! Nataka kumwambia kila mtu. Leo sijamwambia hata mmoja.

Ishirini na sita karudishwa. Bwana mkubwa, bakora ya fedha, paka wake si alivyoandikwa. Kapiga kelele ukumbi mzima ukageuka. Unanijua mimi nani? Lamya kamjibu kwa adabu, nakujua, ammi, paka ndiye simjui. Watu wamecheka, Lamya hakucheka. Kamrudishia karatasi yake kwa mikono miwili.

Ishirini na nane.

Fomu iko mapajani. Nimefuta Almasi. Nimefuta Sultani. Nimefuta Muingereza, mstari mmoja, wino umechana karatasi. Nimetia alama kile kisanduku cha kwanza.

Mahbuba kainama. "Unafanya nini we?"

Thelathini.

Nimeandika. Baba: hajulikani. Mama: hajulikani. Alikotoka: Sidab. Neno hilo, mimi, kwa mkono wangu, juu ya kiumbe wa nyumba yangu. Sisi watu wa majina saba! Kalamu imekuwa nzito kama mchi.

"Hee! Shariffa! Hajulikani? Mbele ya watu wote hawa?" Kanipokonya karatasi.

"Isome," nimemwambia. Naandika nimesimama. "Sauti unayo, alhamdulillahi. Isome mpaka safu ya nyuma."

Jamaa wamegeuka. Msellem kashusha kikombe. Mahbuba kaishika kwa mikono miwili, kafungua mdomo, anamtazama Lamya, ananitazama mie. Hajaisoma. Hajanirudishia.

Bishti katoa mkono mweupe kwenye tundu la kikapu, anautafuta ukingo wa karatasi.

"Thelathini na moja," Lamya anaita. Kashaweka mikono mezani, viganja juu. Ananiona. Anaita mara ya pili, namba tu. Hajasema Mama.